Bibi Mzaa Baba

Mtu akikwambia kwamba binadamu anaweza kusahau kupumua, usimbishie. Mimi nilisahau. Nilikuwa nimesimama karibu na geti, mchana kweupe, Jumapili ya wageni, jagi la maji mkononi, na kwa muda ambao sijui niuite mrefu au mfupi, hewa haikuingia wala haikutoka. Maji ndiyo yaliyotoka. Yaliniishia yote miguuni na sikuhisi kitu.

Lakini ngoja nianze panapoeleweka, maana hata mimi ilibidi niyarudie mambo haya kichwani mara nyingi ndipo nikayaamini.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya watoto. Si nyumba ya yatima, watu wanakosea sana hapo. Watoto wetu wana kwao. Ila huko kwao kuna bibi aliyezeeka, au baba mgonjwa, au mama aliyeko mbali anatafuta riziki, na shule ilikuwa inawapita hivihivi. Basi wanakaa kwetu, wanasoma, na likizo ikifika kila mmoja anarudi kwa ndugu zake, hata kama ndugu mwenyewe ana chumba kimoja na godoro la kukunja. Mimi ni mlezi wa wasichana wadogo. Nachana nywele, nakagua madaftari, naanika mashuka ya vikojozi, na nagombana na jedwali la kuzidisha la saba ambalo haliingii kichwani mwa mtoto yeyote.

Kuna mambo mawili kwetu hayana mjadala. La kwanza, hakuna mlezi anayeitwa mama. Mama ni yule aliyekuzaa, awe yupo, awe hayupo, awe mkorofi. Sisi walezi ni mama wadogo. Na mtoto ambaye hana wa kumtembelea Jumapili ya wageni tunamtafutia mtu mwema wa kukaa naye, na mtu huyo anaitwa mjomba au shangazi, basi, hapandi juu zaidi ya hapo.

La pili ni la getini. Mkubwa hajitambulishi. Hata uje na suti na wapambe, mlinzi wetu, ambaye sote tunamwita Babu wa Geti, atamwita mtoto, atakunyooshea kidole, na atauliza, "Huyu ni nani wako?" Mtoto akijibu, unaingia. Mtoto akikaa kimya, utakunywa chai kwenye benchi la nje mpaka Mkuu wa nyumba aje. Wapo wanaokasirika, lakini Babu wa Geti hakasirishiki.

Sasa, katika wasichana wangu yumo mmoja anayeitwa Kasuku. Wenzake ndio waliompa jina, na hawakumwonea. Ukila biskuti kwa kujificha bafuni, kufikia chakula cha mchana hata mpishi anajua ilikuwa ya ladha gani. Alikuwa analelewa na bibi yake mzaa mama, bibi akafariki, ndipo mama yake akatuomba tumpokee. Mama mwenyewe yuko nchi ya mbali, anafanya kazi za ndani. Hupiga simu ofisini kwetu kila Jumapili ya wageni, mchana, bosi wake anapompa mapumziko. Kwanza anaongea na mimi, kisha na mwanawe. Tulianza kwa salamu na maendeleo ya shule, tukaishia kuwa mashoga. Sijawahi kumwona sura, lakini siri zangu anazo na zake ninazo.

Kwa kuwa Kasuku hakuwa na mgeni, nilimpa mjomba. Na mjomba huyo nilimchagua kwa upendeleo, sikatai, kwa sababu alikuwa mwanaume wangu.

Fundi alikuja kwetu kutengeneza vitanda vya ghorofa. Kazi ya wiki moja akaikokota, akaikokota, mpaka Mkuu akauliza kama vitanda vinatengenezwa au vinalelewa. Kila jioni alikuwa anasahau futi yake ya kupimia kwenye dirisha langu, na kila asubuhi anakuja kuiulizia kwa uso wa mtu aliyefiwa. Fundi gani wa mbao anasahau futi? Nilimwambia, "Kaka, dirisha hili tayari umelijua urefu na upana. Sema shida yako." Akacheka mpaka masikio yakamsogea. Tangu siku hiyo nikawa nayatafuta yale masikio kila nikiingia mahali.

Hakunificha kwamba alikuwepo mtu kabla yangu. "Nilimpenda," aliniambia, "nikasafiri kwenda chuo cha ufundi, niliporudi nikaambiwa amepata mwanaume mwingine, amehama. Hata salamu hakuniachia." Nikamwambia huyo hakukupenda, mshukuru Mungu. Nilimwambia kwa roho safi kabisa.

Kilichobaki kilikuwa mama yake. Mama yake ni mjane, mshonaji mwenye duka lake, mwanamke anayekutazama kama anatafuta pindo lililofumuka. Aliposikia kazi yangu alisema, na Fundi kwa ujinga wa mapenzi akaniletea maneno yote bila kupunguza, "Sikumsomesha mwanangu ili aje aoe harufu ya vikojozi." Mwaka mzima alikataa kuniona. Halafu ghafla akatuma neno kwamba Jumapili ya wageni atakuja.

Ndiyo hiyo Jumapili.

"Anakuja kuniona au kunikagua?" nilimuuliza Fundi pale getini. Alikuwa amepiga magoti anakaza bawaba ya geti dogo, maana bawaba ikilegea mbele yake anaumwa.

"Yote mawili."

"Nimevaaje?"

Alinitazama kuanzia chini kwenda juu, taratibu, kwa macho yale ambayo mtu asingepaswa kuwa nayo mbele ya watoto. "Umevaa vizuri mpaka nimekaza bawaba kinyume," alisema.

"Mjomba amekaza kinyume," akatangaza Kasuku, ambaye alikuwa amemshikia parafujo kwenye viganja viwili. "Mjomba akimwona mama mdogo anakosea kila kitu. Juzi alijigonga kidole."

"Nani kakuuliza wewe?" nikasema.

"Hakuna. Nasema tu."

Tukacheka wote watatu. Nakumbuka hicho kicheko vizuri kwa sababu ndicho cha mwisho.

Teksi ikasimama. Akashuka mama mmoja mrefu, gauni la kijivu lililokaa mwilini bila kosa, mkoba umebanwa kwapani. Babu wa Geti akainuka kwenye kiti chake. "Karibu, mama. Umekuja kwa mtoto gani?"

"Sikuja kwa mtoto," alijibu. "Nimekuja kumwona..."

Fundi akasimama, akajipangusa magoti. "Mama. Karibu."

Na palepale, kabla neno lake halijapoa, parafujo zikamwagika chini zote, na Kasuku akasema, "Bibi."

Alisema na kukimbia. Alimkumbatia yule mama kiunoni, uso kaufukia kwenye gauni la kijivu. Mimi nilitabasamu. Mtoto wa umri ule anamwita bibi kila mwenye mvi, nikaona mambo yameanza vizuri kuliko nilivyoomba. Babu wa Geti peke yake ndiye hakutabasamu. Kazi kwake ni kazi.

"Huyu ni nani wako?" akauliza.

"Bibi yangu."

"Bibi wa wapi?"

"Bibi mzaa baba," alisema Kasuku, huku bado amekumbatia. "Alikuwa anakuja kwa bibi mzaa mama, ananiletea viatu na nguo za shule. Alisema yeye ndiye mama yake baba yangu, lakini nisimwambie mtu." Ghafla akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Macho yakamtoka. "Bibi, nimesema. Samahani."

Hapo ndipo niliposahau kupumua.

Kwa sababu Fundi hana kaka. Hana mdogo wake wa kiume. Yule mama alizaa mara moja tu maishani, na aliyezaliwa alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, bisibisi mkononi, mdomo wazi.

Nilimtazama yule mama nikimsihi kwa macho aseme mtoto amemfananisha. Aseme, hapana, wanangu, huyu simjui. Hakusema. Alikuwa amekishika kichwa cha Kasuku kwa mikono miwili. "Majirani waliniambia umepelekwa kwa mama yako," alimwambia mtoto. "Nilikuja nikakuta nyumba imefungwa. Waliniambia uko kwa mama yako."

Sijui nani alitupeleka ofisini. Nadhani ni mimi, kazi imenizoesha kuongoza watu wakiwa wanalia. Kasuku nilimkabidhi kwa mpishi. Fundi alikaa kwenye kile kibenchi kifupi cha watoto, magoti yamefika kidevuni, na kama isingekuwa siku ile ningemcheka.

"Mama," alisema. "Yule mtoto ni wa nani?"

"Mwanangu, hapa si mahali pake. Twende nyumbani tukazungumze."

"Mama."

"Ni wako."

Fundi hakupaza sauti. Alitazama mikono yake, upande huu na upande ule. "Nimekuwa naitwa mjomba," alisema. "Nimemfundisha kushika randa. Nimemtoa mwiba mguuni. Naitwa mjomba."

"Sikujua kama yuko hapa. Naapa."

"Lakini ulijua kama yupo."

Mama yake akafungua mkoba, akaufunga. "Yule msichana aliondoka na mimba yako. Nilijua baadaye. Na alikuwa ameshapata mtu mwingine, nikuambie ili iweje? Uache chuo? Alizaa, akamtupia mama yake mzazi, akaenda zake ng'ambo. Ndivyo walivyo."

Sasa na mimi nikatafuta pa kukaa.

Nielewe vizuri hapa. Mama yake Kasuku, yule shoga yangu wa kwenye simu, alikuwa ameshanieleza habari zake. Alikuwa msichana wa kazi kwenye nyumba ya mjane mmoja. Akapendana na mtoto wa tajiri yake, kijana aliyekuwa anasoma. Kijana akasafiri. Wakati huo kijana hakuwa na simu, kila akipiga nyumbani anapitia simu ya mama yake. Yule binti alipojiona mjamzito akamweleza mama mwenye nyumba kwa kupiga magoti, barazani. Siku ya pili mama mwenye nyumba akamwambia, "Mwanangu amesema usimtafute. Amepata mchumba wa hadhi yake." Binti akafungasha vitu vyake jioni hiyohiyo. "Hata salamu hakuniachia," aliniambia, na mimi nikamwambia, dada, huyo hakukupenda, mshukuru Mungu.

Maneno yaleyale niliyomwambia Fundi. Hata sauti nadhani ilikuwa ileile ya kujifanya najua sana. Nilikuwa nimefariji pande zote mbili za kesi moja na sikujua ni kesi moja. Yeye hakuwahi kumtaja kwa jina, alikuwa akimwita yule mtu. Na mimi nilipomsimulia kuhusu mchumba wangu nilisema Fundi, ambalo ndilo jina ninalomwita, na alilolipata baada ya chuo. Kasuku anatumia jina la babu yake mzaa mama. Simu ikilia siku za wageni, Fundi mwenyewe alikuwa anatoka nje kwa adabu, akisema maongezi ya mama na mwana si ya kusikiliza. Adabu hiyo ilitumaliza sote.

"Mbona hakuniambia mwenyewe?" Fundi alimuuliza mama yake.

"Hakutaka."

Akanyanyuka. Aliponipita alisimama, akanyoosha mkono kama anataka kunigusa bega, ukaishia hewani. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa vibaya. "Naomba nikamwangalie," aliniambia. "Sitamwambia kitu. Nataka kumwangalia tu."

"Nenda," nikasema.

Akatoka. Mama yake akaufunga mlango mwenyewe, akaja akakaa mbele yangu, karibu sana, mpaka nikasikia harufu ya sabuni yake.

"Mwanangu," alisema. Mwaka mzima nimelitafuta neno hilo kutoka kwake, na siku niliyolipata lilinitia baridi. "Umejua kitu. Nimeuona uso wako."

"Mama yake mtoto hupiga simu hapa. Naongea naye."

"Amekwambia nini?"

"Ya barazani, mama. Yote."

 Nikadhani atakana, au atanitukana. Badala yake mabega yakamshuka, nikaona kumbe ni mzee kuliko anavyojishonea.

"Alikuwa ananifulia," alisema. "Yule binti. Alikuwa ananifulia nguo za ndani, kesho aje aniite mama mkwe mbele za watu? Nilishindwa. Nilisema mwanangu atamsahau, na kweli akanyamaza. Halafu nikasikia amezaa. Nikaenda kuchungulia mara moja tu, moyo utulie. Nikamkuta ana paji la uso la marehemu mume wangu, lote kama lilivyo. Nikaenda tena. Nikawa siwezi kutokwenda."

"Miaka yote hiyo, na Fundi yuko chumba cha pili."

"Usinihukumu, wewe hujazaa."

"Sijazaa," nikasema, "lakini naanika mashuka ya waliozaliwa."

Hilo lilimwingia. Alitazama chini, kisha akanishika mkono. "Basi nisikilize. Mimi sina tena neno juu yako. Harusi tunaifunga mwezi huu, gauni nitakushonea kwa mkono wangu, na hakuna atakayekuangalia vibaya nikiwa hai. Mwanangu anakupenda. Mtoto anakupenda, nimeona anavyokutazama. Atapata baba, atapata wewe, atapata na bibi. Kuna ubaya gani hapo? Ukimwambia Fundi ya barazani, utampoteza. Unamjua alivyo. Atakwenda kumtafuta yule."

"Na yule mwenyewe?"

"Yule ameshazoea."

"Amezoea nini, mama?"

"Kuachwa."

Nisikudanganye, nilisikiliza. Sikuutoa mkono wangu. Nilimpenda yule mwanaume mpaka nilikuwa nikisikia nyundo ya mtu mwingine mtaani najua kwamba si yake. Nilimpenda yule mtoto kwa namna ambayo kazi yangu hainiruhusu kuisema. Maisha yangu yote yalikuwa yamewekwa mbele yangu, yamekunjwa vizuri, na nilichotakiwa kufanya ni kunyamaza. Kunyamaza si kusema uongo, nilijiambia. Mtu anaweza kunyamaza akaishi vizuri. Wako wengi.

Simu ikalia.

Simu yetu ya ofisini ni kuukuu, ukiongea nayo jirani anasikia kila neno. Ililia mara ya kwanza tukaitazama wote wawili. Ikalia tena.

"Usipokee," mama alinong'ona. "Mwambie mtoto amelala. Mwambie chochote."

Nikapokea. Sikuwa nimeamua. Mkono ulizoea tu.

"Dada, hujambo? Nimechelewa, leo bosi alikuwa na wageni, vyombo haviishi. Mko salama?"

"Tuko salama."

"Mbona sauti hivyo? Eh, mkwe amekuja? Si ulisema anakuja leo?"

"Amekuja."

"Kakusema?"

"Hapana. Amenipokea."

"Mungu mkubwa." Nilisikia anacheka na kuvuta kamasi, yule ni mtu wa machozi ya karibu. "Nimekuombea wiki nzima, hujui tu. Nilisema, Mungu, mimi yamenipata yangu, lakini mwenzangu asikutane na mama mkwe kama niliyekutana naye mimi. Apate mama. Mama wa kweli."

Yule mama alikuwa amekaa palepale mbele yangu, na alisikia kila neno. Aliinua mkono, nikadhani anataka kuninyang'anya simu. Alijifunika uso. Akainama mpaka paji la uso likagusa meza yangu, mwanamke yule aliyenyooka, akabaki hivyo.

"Dada? Upo?"

"Nipo."

"Na shemeji yangu hajambo?"

Hilo ndilo lililonivunja. Kama angelia, ningevumilia. Kama angelaumu, ningemnyamazia. Lakini alimwita shemeji, kwa furaha, kwa moyo mweupe, mwanaume ambaye yeye mwenyewe aliondoka barazani kwao akiwa na mimba yake tumboni.

Nilifungua mlango. Fundi alikuwa amekaa kwenye ngazi, Kasuku kando yake anamweleza jambo refu, na yeye anamtazama paji la uso, pua, vidole, kama mtu anayesoma kitu alichokosa kukisoma miaka yote. Nilimwita. Akaja. Niliibana simu kifuani ili upande wa pili usisikie.

"Hakupata mwanaume mwingine," nilimwambia.  "Aliambiwa wewe ndiye uliyemkataa. Mama yako alimwambia. Wewe akakwambia vile, yeye akamwambia hivi. Mimi nimeyasikia kwa yule binti, na mama yako huyu hapa, muulize."

Alimtazama mama yake. Mama hakuinua kichwa, na huko kutoinua kichwa ndiko kulikojibu.

"Unaniambia wewe?" aliniuliza Fundi. Sauti yake haikuwa yake. "Wewe?"

"Mimi."

Alinitazama, na wapenzi mnajua, kuna kutazamwa kunakokupa uhai na kuna kutazamwa kunakokuaga. Hapa yalikuwa yote mawili kwa pamoja, mpaka sikujua nishike lipi. Nikaitoa simu kifuani.

"Shemeji yako yupo hapa," nilisema kwenye simu. "Msalimie mwenyewe."

Nikampa.

"Halo," alisema Fundi.

 Nikasikia sahani ikiwekwa chini. Kisha kutoka kule mbali, kwenye jiko la watu, nikasikia mwanamke akitaja jina. Hakusema Fundi, wala hakusema jina lile ambalo tungelitangaza kwenye harusi. Lilikuwa jina la kubembeleza, jina la ndani, fupi, ambalo kwa muda wote niliokaa na mwanaume yule sikuwahi kulisikia wala sikujua kama lipo.

Na yeye akaitika.

Nikatoka nje nikafunga mlango. Nikaenda kwenye ngazi. Kasuku akasogea, akanipisha nafasi, akaniegemea ubavuni kama kawaida yake.

"Mama mdogo, umenikasirikia kwa sababu nimesema siri?"

"Hapana. Ulisema vizuri."

"Mjomba alikuwa ananiangalia sana. Nina uchafu usoni?"

"Huna."

"Sasa anaongea na nani?"

Ningeweza kumwambia anaongea na mteja. Ningeweza kumpeleka akacheze. "Anaongea na mama yako," nikasema.

Kasuku akaacha kutikisa miguu. Akautazama mlango. "Wanajuana?"

"Wanajuana."

"Tangu zamani?"

"Tangu kabla yako."

Alifikiri. Nilimwona anavyofikiri, na nilimwona alivyolifikia lile jambo, uso ukamng'aa wote mpaka nikatamani kuugeuza upande mwingine.

"Basi amwambie arudi," alisema. "Mimi kila siku namwambia, anasema bado, bado. Labda mjomba akimwambia atamsikia."

Nikamkumbatia, nikamwambia ndiyo, mwanangu, labda atamsikia. Na moyoni mwangu, sitakuficha, nilikuwa naomba asimwambie.